Kisahani cha Nambari Tisa

Nakuru, 19 Februari 1956

Kwa Mjomba Makokha,

Barua hii ikikukuta mzima nitafurahi, na ikikukuta karibu na mama Milcah msomee naye. Nasikia Milcah ameng'oka meno mawili ya mbele na siku hizi anacheka akiwa amefunika mdomo. Sisi huku hatujambo. Baba bado anachochea moto kwenye treni ya Nairobi. Goti linamsumbua akipanda injini, lakini ukimwuliza anasema ni ngazi iliyoharibika. Mama ameandika kutoka Kimilili kwamba mwaka huu atapanda mahindi kwa mistari kama bwana shamba alivyomwonyesha, na majirani wanakuja kutazama kamba zake shambani kama vile ni maonyesho.

Mjomba, nina swali ambalo hapa sina wa kumwuliza. Tangu Novemba nimewekwa kwenye wodi ya watu walioungua. Tuko wawili tunaofunga vidonda, mimi na Mzee Owino. Huyu ni dresa wa zamani, alikuwa Burma na jeshi wakati wa vita, na yeye ndiye aliyenifundisha kulowesha bandeji kabla ya kuivua ili isibandue ngozi mpya, na kuinama karibu na mgonjwa na kumzungumzisha habari za kwao mpaka kazi iishe. Wagonjwa wanamwita Daktari, naye anawakataza.

Mwezi uliopita tuliletewa mama mmoja kutoka Subukia, anaitwa Cheptanui. Alikuwa akifanya kazi kwenye tanuri la kukaushia pareto, mlango wa moto ukafyatuka ukamchoma mgongo na mikono yote miwili. Wiki ya kwanza aliendelea vizuri. Siku ya tisa kidonda kikaanza kutoa usaha mzito wa manjano. Tumemdunga penisilini mchana na usiku, na ni kama tunamdunga maji. Wawili waliolala karibu naye wamekuwa hivyo hivyo. Lakini kuna Kosgei, mtu wa Naivasha, aliyechomwa miguu na mvuke wa boila la maziwa. Siku aliyokuja hatukuwa na kitanda, tukamlaza kwenye veranda. Amepona kwa wiki tatu, bila harufu hata siku moja. Dawa ni ile ile na bandeji zinatoka kwenye pipa lile lile.

Mzee Owino anasema huko Burma aliona penisilini ikimwinua mtu ambaye kaburi lake lilikuwa limekwisha chimbwa. Anauliza kama siku hizi wanaiuza ikiwa imetiwa maji. Wewe unafanya kazi maabara. Ni kweli, au kuna jambo lingine?

Mpwa wako,
Nekoye


Nairobi, 4 Machi 1956

Kwa mpwa wangu Nekoye,

Niliposoma kwamba una jambo hapo huna wa kumwuliza nilidhani umepata mchumba na unataka nimtengeneze mama yako kabla hajasikia. Kumbe ni usaha. Basi, kila mtu na bahati yake. Sisi ni wazima. Milcah amesomewa sehemu yake ya barua na amekasirika kwamba meno yake yanajulikana mpaka Nakuru.

Penisilini yenu haijatiwa maji. Hata hapa tunapokea vidonda vya namna hiyo kutoka hospitali nyingine. Mimi si daktari, kazi yangu ni kupika chakula cha vijidudu. Nachemsha unga wa mwani mpaka uwe uji, nautia damu ya kondoo, naumwaga kwenye visahani vya kioo, unaganda. Ukipaka usaha juu yake na kukiweka kisahani kwenye joto, kesho yake utakuta vijidudu vimeota kama ukungu kwenye ugali uliolala, ila hivi ni nukta za mviringo zenye rangi. Wa vidonda vya moto mara nyingi ni wa dhahabu. Bwana Daktari wetu huwaita stafilokokasi. Kwenye darubini wanakaa vichala vichala kama zabibu.

Jambo la Kosgei limenikosesha raha. Kwa nini yeye? Anza na hewa, kwa sababu ndilo jibu jepesi. Kisha blanketi. Kisha beseni. Chukua pamba juu ya kijiti, chemsha, kausha, gusa kidonda, tia kwenye kichupa, funga. Fanya hivyo kwa kila kitu unachokishuku. Bwana Daktari anakwenda likizo kwao tarehe kumi na tano na hatarudi mpaka Agosti, hivyo nafasi ipo kwenye kabati la joto. Mpe shemeji vichupa aje navyo kwenye treni.

Andika nambari tu juu ya vichupa, bila majina. Orodha kaa nayo wewe.

Mjomba wako,
Makokha


Nakuru, 25 Machi 1956

Mjomba mpendwa,

Salamu kwenu. Mvua imeanza, na Mama amepanda. Anasema mistari imenyooka kuliko reli ya Baba.

Vichupa sita vimo ndani ya mkebe wa majani chai ambao Baba anakuletea. Aliuliza ni nini nikamwambia ni usaha, akaushika mkebe kwa vidole viwili na hakuuliza tena. Cha kwanza mpaka cha tatu ni vidonda, kuanzia cha Cheptanui. Cha nne ni blanketi, cha tano beseni, cha sita ni ukuta karibu na kitanda cha Cheptanui.

Tumepata mgonjwa mpya, Wangare, wa kutoka Kabazi. Taa ya mafuta ilimwangukia nguo ikashika, ameungua tumbo na mapaja. Mumewe hajaweza kuja kumwona kwa sababu kitabu chake cha kusafiria hakijapigwa mhuri, nawe wajua mambo yalivyo kwa watu wao siku hizi za hali ya hatari. Mikono yake ni mizima, basi anafuma sweta akiwa amelala chali, na kila nikimfunga ananiuliza maswali. Kwa nini bandeji haifungwi kavu? Kwa nini tunanusa kidonda? Nikamwambia habari za visahani vyako. Sasa kila asubuhi anataka kujua kama majibu yamefika.

Kidonda chake bado ni safi. Nakuomba usichelewe.

Nekoye


Nairobi, 15 Aprili 1956

Mpwa wangu,

Sisi hatujambo, isipokuwa mama Milcah ana kikohozi ambacho anasema kinatokana na mimi kuja nyumbani nikinuka mwani.

Sikia. Vidonda vyote vitatu vimeota vijidudu vya dhahabu, na kisahani kimejaa. Nikakata karatasi ya kuchujia vipande vidogo kama vifungo vya shati, nikalowesha kila kipande dawa yake, nikaviweka juu ya visahani vipya vilivyopakwa vijidudu vyenu. Mahali dawa inapoua, hubaki duara tupu kuzunguka karatasi, kama nyasi zilivyokufa mahali palipowashwa moto. Kwa penisilini hapakuwa na duara lolote. Wameota mpaka ukingoni mwa karatasi. Streptomaisini, hakuna. Tetrasaiklini, hakuna. Dawa moja tu, mpya, iitwayo erithromaisini, ilipata duara pana la kuingia kidole gumba. Tunayo hapa kidogo sana.

Utauliza wameipataje nguvu hiyo. Nilimsikia Bwana Daktari akimweleza mgeni: penisilini inapoingia wodini huua wanyonge. Wachache walio wagumu hubaki, na hao ndio wanaozaa. Kijidudu kinazaa kila nusu saa, sasa fanya hesabu ya miaka kumi. Nyinyi hapo mmekuwa mkifuga wagumu bila kujua. Hata sisi.

Beseni ni safi. Ukuta una vumbi tu. Kwenye blanketi wamo, lakini wachache, na naona blanketi ilipewa na mtu, si yenyewe iliyowapa watu. Kwa hiyo nauliza tena habari za Kosgei, lakini sasa si hewa tena. Nani alikuwa akimfunga vidonda kule veranda, na nani anawafunga hawa wa ndani?

Vijidudu hawa wanapenda kukaa ndani ya pua ya mtu mzima, asiye na hata mafua. Mkono unagusa pua, kisha unagusa bandeji. Wapime pua wote wanaoingia wodini. Na wewe pia, Nekoye.

Makokha


Nakuru, 29 Aprili 1956

Mjomba,

Pole kwa mama Milcah. Mwambie achemshe majani ya mkaratusi ajifukize.

Nimewapima watu kumi na mmoja: manesi, wafagiaji, anayeleta chakula, dresa, na mimi. Nilisema ni uchunguzi wa mafua unaofanywa na serikali. Ni uongo, lakini ningesema ukweli wangekimbia. Mzee Owino ndiye aliyekaa kwenye kiti wa kwanza ili wengine wasiogope, akasema pua yake imenusa Burma na Ceylon, haitashtuka kwa pamba. Nambari nimezipanga kwa mfuko, nikichomoa karatasi bila kutazama, ili hata mimi nisijue mpaka nifungue orodha.

Kuhusu Kosgei: tangu nimeanza kazi hapa, watu wa veranda ni wangu peke yangu.

Nimelala vibaya wiki hii. Nimejiuliza, nikigusa pua yangu, nagusa mara ngapi kwa siku? Jana nilijihesabu. Mara ishirini na tatu kabla ya saa sita mchana.

Wangare amemaliza mgongo wa sweta, sasa anafuma mikono. Kidonda kimeanza kulowa pembeni, nacho nimekitilia kichupa chake pamoja na zile pua.

Nekoye


Nairobi, 14 Mei 1956

Mpwa wangu,

Leo naanza na jambo lenyewe, salamu zitafuata.

Pua kumi na moja. Saba hazina kitu. Nne zina vijidudu vya dhahabu, na usishangae, karibu kila mtu wa tatu au wa nne anao. Nambari mbili, nne na sita wanakufa kwa penisilini vizuri kabisa. Nambari tisa hafi. Penisilini hakuna, streptomaisini hakuna, tetrasaiklini hakuna, erithromaisini duara pana. Nilikiweka kisahani chake kando ya vile vya vidonda vya Cheptanui na Wangare na nisingeweza kukuambia kipi ni kipi. Nimerudia mara mbili.

Wewe unajua ni nani. Mimi sijui na sitaki kujua. Lakini ujue kwamba huyo mtu hana kosa. Hakuzaliwa nao. Amewapata hapo hapo wodini, pengine kwa kuinama juu ya wagonjwa kuliko wengine wote. Anatibika kwa dawa ya kupaka puani, na kwa sasa asifunge vidonda.

Mwambie daktari wenu aombe erithromaisini kutoka Nairobi. Ila usitaje jina langu.

Salamu kwa Baba. Mwambie goti si ngazi.

Makokha


Nairobi, 17 Juni 1956

Nekoye,

Mwezi umepita na siku tatu. Shemeji nilimwona stesheni, anasema u mzima na unakula. Kwa nini huandiki? Milcah ameota jino moja.

Makokha


Nakuru, 24 Juni 1956

Kwako Mjomba,

Nisamehe kwa kuchelewa, kazi imekuwa nyingi. Mahindi ya Mama yamemfika kiunoni na bwana shamba amewaleta wakulima wengine wayaone. Baba amekubali kupakwa dawa ya kuchua kwenye goti, lakini jioni tu, ili majirani wa landi, hizi nyumba za reli, wasimwone. Kosgei alikuja kutusalimu na mtungi wa maziwa, anatembea kama hakuwahi kuungua. Cheptanui yuko vile vile. Mvua ni nyingi.

Kuhusu zile nambari, orodha imenipotea. Nilipokuwa nikihamisha vitu iliangukia mahali. Nikiipata nitakuandikia.

Mpe mama Milcah salamu zangu.

Nekoye


Nairobi, 8 Julai 1956

Kwa mpwa wangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu nikimtafuta Wangare ndani yake. Umeandika habari za mahindi, goti na mtungi wa maziwa. Yeye hayumo.

Nami nina langu ambalo sikukuambia. Sikuwa na ruhusa ya kupima vichupa vyenu. Bwana Daktari hakujua lolote. Niliposema usitaje jina langu nilikuwa nafikiria kazi yangu, na sasa naona nilikufungia mlango: ungemwambia nini daktari wenu, kwamba majibu uliyaota?

Bwana Daktari amerudi mwezi mmoja kabla. Siku ya pili alilikuta daftari langu. Alisimama akalisoma lote, kurasa kumi na nne, mimi nikiwa nimesimama na chupa mkononi. Hakupaza sauti. Aliuliza nani alinifundisha kupanga karatasi za dawa namna ile, nikasema nilikuwa nikimtazama yeye. Akauliza nambari tisa ni nani. Nikasema sina jina, na ni kweli. Amesema mwisho wa mwezi huu ataandika rasmi kwa hospitali yenu.

Una wiki tatu. Mtu huyo heri asikie kutoka kwako kuliko kutoka kwenye barua ya serikali. Na kama ni wewe, mwanangu, niambie.

Makokha


Nakuru, 22 Julai 1956

Mjomba wangu,

Si mimi. Mimi ni nambari nne. Nilipofungua orodha ile jioni ya barua yako nilishukuru Mungu kwa sauti, kisha nikaona nani yuko kwenye mstari wa tisa, nikaikunja orodha.

Ni Mzee Owino.

Orodha haikupotea hata siku moja. Nilifikiri, nikimwambia matroni, ataachishwa kazi, amebakiza miaka miwili astaafu. Nikafikiri, nikimwambia daktari aombe dawa, atauliza majibu yametoka wapi, na kutoka hapo atafika kwa Mzee. Basi nikajipa kazi ya kufunga vidonda vyote mwenyewe, nikimwambia apumzike, nimezoea. Alidhani namheshimu uzee wake. Lakini nilikuwa nimechelewa. Kidonda cha Wangare kilikuwa kimeshageuka. Alifariki tarehe kumi na moja Juni. Bado alikuwa akiniuliza kama majibu yamefika, na mimi majibu nilikuwa nayo mfukoni.

Barua yako ilipofika nilikaa nayo siku mbili. Jumatano baada ya chakula cha mchana tulikuwa kwenye chumba cha kukunjia bandeji, sisi wawili tu. Nikampa ile barua yako ya Mei, nikamwambia yeye ndiye nambari tisa. Anasoma polepole, kwa kidole. Alipomaliza aliirudia tangu mwanzo.

Akauliza, "Hii iliandikwa tarehe kumi na nne Mei?"

Nikasema ndiyo.

"Wangare alikuwa hai."

Nikasema ndiyo.

Aliendelea kukunja bandeji aliyokuwa nayo, kisha akaiweka kando, mbali na zile nyingine. Nilianza kumweleza habari za kustaafu kwake na jinsi nilivyoogopa. Hakuniacha nimalize. Alisema, "Nekoye, wewe ni mtoto wangu wa kazi. Ungeniambia siku hiyo hiyo. Ungeniachia mimi nichague." Hakusema kwa hasira, na afadhali angekasirika.

Alikwenda kunawa mikono. Aliporudi alisimama mlangoni, hakuingia. Alisema amenawa mikono miaka kumi na miwili, kwa sabuni, mpaka ngozi ikapasuka, na pua hakuifikiria hata mara moja. Kisha, Mjomba, akaanza kuuliza. Wana umbo gani? Wanaishi siku ngapi nje ya mwili? Wakiwa puani mwake wanakula nini, mbona yeye hawamdhuru? Nilikuwa nalia na huku namjibu yale niliyoyajua.

Alikwenda kwa matroni mwenyewe, siku ile ile, na akataka niwepo. Alisema yote bila kupunguza, na akasema pia kwamba mimi ndiye niliyegundua. Hakusema nilikaa kimya wiki nane. Hilo nililisema mimi. Matroni akaniambia atazungumza na mimi baadaye, akaenda kumwita daktari. Hakuna aliyefukuzwa. Mzee amewekwa langoni kuandika majina ya wanaoingia, na anapaka dawa puani mara tatu kwa siku. Daktari ameomba erithromaisini kwa simu. Baba ndiye aliyekuja nayo kwenye treni, na safari hii mkebe aliushika kwa mikono miwili. Cheptanui ameanza kunywa vidonge Ijumaa.

Nilimlinda mtu ambaye hakuniomba nimlinde.

Mzee anauliza kama unaweza kumwonyesha hao vijidudu. Anataka kuja Nairobi.

Nekoye


Nairobi, 19 Agosti 1956

Mpwa wangu mpendwa,

Mama Milcah amepona kikohozi, na mkaratusi wako umepewa sifa yote. Mimi bado nina kazi. Bwana Daktari ameniambia kwamba nikipima kitu tena bila ruhusa nitakwenda kuosha chupa, kisha akanipa daftari jipya lenye jalada gumu.

Sina neno la kukuondolea lile la Wangare. Mimi pia nilikuwa na majibu, na nilinyamaza kwa sababu zangu. Tutakaa nalo wawili.

Mzee Owino alifika Alhamisi na treni ya asubuhi, amevaa koti la jeshi lililopigwa pasi. Nilikuwa nimeomba ruhusa nikapewa nusu saa, wakati Bwana Daktari akiwa mkutanoni. Kwanza nilimwonyesha kisahani cha tisa kwa macho matupu. Alikigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Nilitazamia achukie. Akasema, "Ni wazuri," kama mtu anayeona dhahabu ya jirani yake.

Kisha akakaa kwenye darubini. Ilichukua muda kumfundisha kufumba jicho moja. Alivitazama vichala vile mpaka nikadhani amelala. Halafu akauliza kama nina kisahani cha Wangare. Ninacho. Uliniletea kidonda chake kwenye vichupa vya pili pamoja na zile pua, kama unakumbuka. Nikamwekea. Alitazama kile, akatazama chake, akarudi kile. Aliviomba mara nne. Mwisho akavua miwani akaipangusa, akasema ni ukoo mmoja.

Nikataka kumtoa kwenye hilo, nikamwonyesha kisahani chenye erithromaisini na lile duara. Alipima upana wake kwa ukucha. Akauliza itachukua miaka mingapi kabla hawajaizoea na hii. Nikamwambia sijui. Akasema kule Burma hakuna mtu aliyeuliza swali hilo, na ingefaa liulizwe mapema.

Hapo mlango ukafunguka. Bwana Daktari alikuwa amerudi kabla ya wakati, na akakuta mzee wa koti la jeshi amekaa kwenye kiti chake. Aliuliza kwa Kiswahili chake kile kigumu huyu ni nani. Nilifungua mdomo, lakini Mzee alikuwa amekwisha simama, mikono ubavuni kama gwarideni.

"Mimi ndiye nambari tisa," akasema.

Bwana Daktari alimtazama. Akaenda kona akavuta kiti kingine, akakaa mbele yake, akamwomba Mzee naye akae. Waliongea saa nzima. Alitaka kujua jinsi anavyovua bandeji, anasimama upande gani wa kitanda, anainama kiasi gani, na Mzee akamwonyesha yote, mimi nikiwa mgonjwa nimelala juu ya meza ya vichupa. Sijawahi kuzungumzishwa habari za kwetu vizuri namna ile. Karibu nimwambie mambo ambayo hata mama yako hayajui.

Shemeji alimpandisha kwenye treni ya jioni.

Makokha


Nakuru, 16 Septemba 1956

Mjomba mpendwa,

Mama ameanza kuvuna mahindi ya mapema ya kuchoma na anataka uje na familia Desemba, bila sababu za kazi. Baba anasema atawatafutia nafasi karibu na dirisha.

Matroni alizungumza nami kama alivyosema. Nimepewa barua ya onyo ndani ya faili langu, na imeandikwa sawa, sina la kubisha. Sasa wote wanaoingia wodini wanavaa kitambaa cha shashi puani na mdomoni, na pua zinapimwa kila mwezi kwa ruhusa, kwa barua yenye mhuri, kwako. Kati ya wagonjwa sita tulio nao, mmoja tu ana usaha.

Mzee Owino alimwandikia mume wa Wangare. Alimweleza kila kitu, na akampelekea lile sweta, ambalo lilikuwa limebaki mkono mmoja. Nami nilitia sahihi chini ya jina lake. Hatujapata jibu. Mzee anakwenda kuuliza posta kila Jumamosi.

Pua yake imepimwa mara tatu na mara zote tatu umeandika hakuna. Jumatatu iliyopita matroni alimruhusu kurudi. Nilimtayarishia sinia la bandeji, nikadhani ataanza kazi kama zamani. Hakuanza. Alipita kitanda kwa kitanda akiwa amevaa kitambaa chake, akamwambia kila mgonjwa kwamba alikuwa na vijidudu puani, kwamba vilimwua mama mmoja katika wodi hii, na kwamba asiyetaka kufungwa naye aseme, Nekoye atamfunga, hakuna atakayekasirika. Wawili walisema wanamtaka Nekoye. Aliwashukuru, akaniita.

Cheptanui alikuwa wa mwisho. Mgongo wake umepona; ngozi waliyoitoa pajani kuipandikiza imeshika yote isipokuwa pahali padogo, na kumebaki mkono wa kulia. Kiswahili chake ni kidogo, akamwomba arudie. Mzee akarudia, polepole, bila kuacha kitu.

Cheptanui akauliza, "Sasa wameondoka?"

"Wameondoka. Wanaweza kurudi. Nitapimwa kila mwezi, na wakirudi nitakuambia wewe kwanza."

Alifikiri. Hata wale wawili waliokataa walikuwa wameinua vichwa. Kisha akatoa mkono chini ya shuka, akaunyoosha juu ya sinia, akamwambia aanze, na amweleze habari za huko Burma, kama huwa wanapanda pareto.

Wako,
Nekoye